Nakala Si Bandia

Wazee wenzangu wa barazani wanasema uzee umeniingia kichwani. Nilikwenda Uingereza mwaka 2017, nikakaa wiki sita kwa mwanangu, na badala ya kurudi na habari za majumba ya wafalme nikarudi na habari za gari moja jekundu lililokimbia kwenye uwanja wa ndege. "Tena gari bandia," huongeza mmoja wao, mwalimu mstaafu kama mimi, na wengine huangua kicheko. Kwa miaka kadhaa nimecheka nao, maana mzee asiyecheka barazani huachiwa kona yake peke yake. Lakini neno hilo bandia ni mimi niliyelitumia wa kwanza juu ya gari lile, tena kwa maandishi, na nina deni la kulifuta kwa maandishi vilevile.

Msomaji asiyeyajua magari haya anivumilie kidogo. Yako magari ya michezo yaitwayo AC Cobra. Mwaka 1961 Mmarekani wa Texas, Carroll Shelby, aliyekuwa ameshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1959 kisha akaacha kukimbiza magari kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, aliwaandikia barua AC Cars, kiwanda kidogo cha Thames Ditton karibu na London. Aliomba wamtengenezee gari lao jepesi liwezalo kubeba injini kubwa ya Kimarekani yenye silinda 8. Wakakubali, Ford wakatoa injini, na Cobra likazaliwa. Yalitengenezwa takriban 1,000 tu katika miaka ile ya 1960. Lile la kwanza kabisa liliuzwa mnadani Marekani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Basi wapenzi wasio na mamilioni hujijengea. Viko viwanda vidogo huko Uingereza vinavyouza chesisi na bodi ya faibaglasi yenye umbo lile lile. Mnunuzi hujitafutia injini, giaboksi na ekseli katika magari makuukuu, akaviunganisha mwenyewe nyumbani kwake. Hizo ndizo nakala, na leo ni nyingi mno kuliko magari ya asili.

Mwanangu wa tatu, fundi wa mabasi katika jiji la Leeds, alianza kujenga yake mwaka 2009. Habari ziliponifikia nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu ukuu wa chuo cha ualimu, na kalamu yangu ilikuwa bado kali. Barua ile naikumbuka karibu neno kwa neno. Nilimwambia kwamba sikumsomesha ili awe mwigaji wa vitu vya Wazungu, na kwamba mtu mzima anayemaliza akiba yake kuunda gari bandia hana tofauti na mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani yake katika mtihani. Kwa kosa hilo nilikwisha kuwafukuza wanachuo. Kwa barua ile nilimfukuza mtoto.

Hakunijibu. Fedha za dawa za mama yake zilianza kupitia kwa dada yake, na salamu zake zilinifikia zikiwa zimekwisha poa. Mama yake alipofariki mwaka 2014 alikuja, akazika, akakaa matanga, akaondoka. Tulizungumza kama watu waliokutana stendi ya basi. Mwaka wa tatu baada ya msiba akanitumia tiketi ya ndege pamoja na maneno machache: "Njoo uione, Baba. Ukishaiona sema utakalo."

Nilikwenda nikiwa na utakalo wangu tayari mfukoni. Lakini usingizi wa ugenini ni mwepesi, na chumba nilicholala kilikuwa na rafu ya vitabu vyake vya magari. Nilisoma usiku mwingi. Nikaona kwamba gari la AC lililozaa Cobra, yaani Ace ya mwaka 1953, lilitokana na gari alilolibuni mtu aitwaye John Tojeiro, na kwamba bodi ya gari hilo la Tojeiro ilifuata umbo la Ferrari 166 ya Waitalia. Injini ya Bristol iliyokuja kufungwa katika Ace ilitokana na ile ya BMW 328, ambayo michoro yake Waingereza waliipata Ujerumani baada ya vita. Na injini aliyoifunga mwanangu, V8 ya Rover, ile ile iliyonguruma katika Range Rover za wakubwa wetu enzi hizo, haikubuniwa na Rover. Ilikuwa ya Buick ya Marekani. Rover walinunua haki zake mwaka 1965.

Sasa nawauliza watetezi wa asili: asili hiyo iko wapi? Nimefunua tabaka moja baada ya jingine kama mtu amenyaye kitunguu, na kila tabaka nimekuta mtu anayemtazama mwenzake na kufanya kama alivyofanya, kisha akaongeza la kwake. Hilo la kuongeza ndilo tunalolikumbuka, tukasahau kwamba kabla yake palikuwa na kutazama.

Na mimi nani wa kudharau kutazama? Niliijua kalamu kwa kunakili. Katika madrasa ya mtaani kwetu tuliandika kwenye ubao kwa wino wa masizi, tukifuata herufi za mwalimu, tukafuta, tukaandika tena, mpaka mkono ukakubali. Nilipokuja kuwa mkufunzi, kazi yangu ilikuwa nini? Nilisimama mbele ya darasa nikatoa somo la mfano, na wanachuo wakakaa nyuma na madaftari wakiandika namna ninavyoshika chaki, ninavyouliza swali, ninavyomngoja mtoto mzito wa kujibu. Kisha niliwaagiza waende wakafanye vilevile. Hakuna aliyewaita walimu bandia. Tuliwapeleka katika mazoezi ya kufundisha, mbele ya watoto wa kweli ambao hawadanganyiki, nasi tukaketi nyuma na karatasi ya alama. Hapo ndipo ilipojulikana nani ameiga sauti tu na nani ameshika kazi.

Najua jibu la mwenzangu wa barazani, maana zamani lilikuwa langu: kwamba nikisema hivi nawafungulia mlango walaghai. La hasha. Bandia ninaijua kuliko yeye. Mwaka 1998 gari la chuo chetu lilishindwa kusimama kwenye mteremko kwa sababu pedi za breki tulizouziwa, ndani ya boksi zuri lenye jina kubwa, zilikatika kama biskuti. Mpishi wetu alivunjika mguu, akachechemea hadi alipostaafu. Pedi zile zilikuwa bandia kwa sababu moja: zilisema ni kitu ambacho sicho, zikatumaini kwamba hakuna atakayezipima mpaka siku ya mteremko. Bandia hujificha, na adui yake mkubwa ni kipimo.

Gari la mwanangu halijifichi. Kabla ya kuruhusiwa barabarani lilikaguliwa na mamlaka kwa siku nzima, breki, taa, usukani, hata ukali wa kingo za vyuma ndani yake. Kisha likapewa namba inayoanza na herufi Q. Waingereza hutoa Q kwa gari ambalo umri wake au chanzo chake hakiwezi kuthibitishwa, kwa sababu limeungwa kwa vipande vya huku na huku. Maana yake ni kwamba kila apitaye husoma mbele na nyuma ya gari lile kwamba hili si la kiwandani. Ni watu wangapi kati yetu wangekubali kutembea na kibao cha namna hiyo kifuani? Mimi nilishika ukuu wa chuo kwa miaka mingi nikifundisha kwa mtindo niliouiga kwa mkufunzi wangu, hadi kikohozi chake, na sikumtaja hata mara moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Agosti. Tulikwenda Elvington, kijiji kilicho karibu na mji wa York. Hapo pana uwanja wa ndege wa kijeshi wa zamani. Katika miaka ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia vikosi viwili vya Wafaransa vilirusha hapo ndege za mabomu aina ya Halifax, na miaka ya 1950 Wamarekani wakairefusha njia ya kurukia hadi ikazidi kilometa 3. Ndege ziliondoka, lami ikabaki, na lami ndefu namna hiyo huwaita wenye magari kama taa iwaitavyo kumbikumbi. Ni hapo mwaka 2006 mtangazaji wa televisheni Richard Hammond alipopasukiwa na tairi katika gari la injini ya jeti lililokuwa likienda zaidi ya maili 280 kwa saa. Lilipinduka, akaumia ubongo, akapona. Mwanangu alinieleza hayo tukiwa njiani, polepole, kama mtu anayetaka mzee ajue kwamba hatukuwa tukienda harusini.

Wala haikuwa harusi. Asubuhi kila gari lilikaguliwa: matairi, kamba za viti, mafuta yasivuje, betri isilegee. Madereva walikusanywa wakasomewa kanuni, na aliyechelewa kikao hakukimbia. Nilijisikia niko nyumbani. Palikuwa na kofia ngumu, mikono mirefu, gari la wagonjwa, gari la zimamoto. Kisha foleni. Gari moja moja hupewa ishara, huondoka peke yake, hukaza mwendo hadi mwisho wa maili moja na robo ambapo vifaa vya mwanga hupima, halafu hufunga breki na kurudi taratibu kwa njia ya pembeni. Ukirudi unapewa kipande cha karatasi chenye namba.

Mwanangu alikuwa amejiambia, na alikuwa amewaambia wenzake kazini, kwamba gari lake hufika maili 135 kwa saa. Spidomita yake ilimwambia hivyo. Mara ya kwanza karatasi ikasema 117.8. Mara ya pili alisubiri upepo utulie, akakaza mpaka mshale ukagusa 135 yake, na karatasi ikasema 121.6, yaani karibu kilometa 196. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wa kamba aliponifikia. Alivua kofia, nywele zimelowa jasho, akanipa karatasi ile bila kusema, kama mtoto anayeleta ripoti ya shule.

Niseme ukweli: moyo ulinirukia ulimi. Maneno ya miaka minane yalikuwa tayari. "Unaona sasa?" Ndivyo nilivyotaka kusema. Lakini nilimtazama, nikaona hana uso wa mtu aliyefumaniwa. Alikuwa amekwisha toa daftari dogo la mafuta mafuta na kuandika tarehe, upepo, joto, namba ya kwanza na ya pili, na pembeni yake 135 akaipiga mstari. Akanieleza kwamba sheria za Ulaya hazimruhusu mtengenezaji wa spidomita kuonyesha mwendo pungufu, ila zinamruhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na kilometa 4 juu yake. Kwa hiyo mamilioni ya watu huendesha wakijiona wepesi kuliko walivyo, na hufa hawajajua. "Sasa mimi najua, Baba," akasema.

Akanieleza na la hewa. Ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayotakiwa kuushinda huongezeka mara nane. Gari lile lina kioo cha mbele kilichosimama wima na pua pana kama ya kiboko. Ni zuri wa kutazamwa, lakini hewa hailipendi. Na hapa watetezi wa asili wasikilize vizuri, maana Cobra za asili zilikutwa na hilo hilo. Zilipopelekwa Le Mans, kwenye barabara ndefu iliyonyooka, ziliishiwa mwendo huku Ferrari zikiendelea kupaa. Ndipo kijana aitwaye Peter Brock alipobuni bodi iliyofunikwa, yenye mkia uliokatwa, na mwaka 1964 gari hilo likashinda daraja lake pale Le Mans. Mwaka 1965 Shelby akatwaa ubingwa wa dunia wa magari ya aina hiyo. Asili yenyewe, basi, iliwekwa kwenye mizani ikapungua, na watu wake hawakuvunja mizani.

Palikuwa na mzee mmoja pale, rika langu, aliyeleta gari la michezo la asili, si Cobra bali la nchi nyingine, juu ya tela lililofunikwa turubai la pamba. Alilifunua, akalipangusa, akakaa karibu nalo kwenye kiti cha kukunja. Mtu mpole, alinigawia chai. Nilimwuliza atakimbia saa ngapi. Akasema hakimbii, gari lina thamani mno. Akatikisa kichwa kuelekea jekundu la mwanangu na kusema, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba plastiki haina cha kupoteza. Sina ugomvi na mtu kuhifadhi kitu chake cha thamani. Makumbusho yana kazi yake. Ila miaka saba ya majira ya baridi katika banda lisilo na joto, vidole vimepasuka, fedha zimekwisha, baba amekukana, je, hicho si cha kupoteza? Yule mzee alikuwa na gari lililowahi kwenda kasi mikononi mwa wengine. Mwanangu alikuwa na 121.6.

Narudi barazani. Mwenzangu husema, bandia au si bandia, huo ni upuuzi wa hatari na uchomaji wa mafuta. Mafuta, nakubali, siku ile mwanangu alikimbia mara sita na kila safari ni kilometa 3 kwenda na nyingine kurudi, naye azihesabu mwenyewe. Hatari? Mwenzangu huyu huyu hutusimulia kwa fahari jinsi basi lilivyomtoa Tanga saa 12 asubuhi na kumfikisha Dar es Salaam saa 4 kamili. Humsifu dereva kwa jina. Kilometa kama 350 kwa saa nne ni zaidi ya 87 kwa saa kwa wastani, ukichanganya na Segera, Mkata, Mbwewe na vijiji vyote ambako mwendo ni 50, na basi haliruhusiwi kuzidi 80 popote. Amefundisha hesabu miaka thelathini. Ni ua gani uliofungwa pale Mkata? Ni nani aliyekagua matairi yale, na je, breki zile zilitoka katika boksi gani? Watoto wa Mkata hawakusomewa kanuni asubuhi.

Waingereza nao walipita huko. Mwaka 1964 watu wa AC waliichukua Cobra yenye paa, alfajiri, wakaijaribu kwenye barabara kuu ya M1, barabara ya watu wote, kwa maili 185 kwa saa. Haikuwa kosa, maana barabara zile hazikuwa na kikomo. Kikomo cha maili 70 kiliwekwa Desemba 1965, baada ya ajali nyingi za ukungu. Mwenye hamu ya mwendo sasa anaujua mlango wake: alipe kiingilio, akaguliwe, akimbie peke yake mahali pasipo na mtoto wa mtu, na apokee namba. Mimi hapo sioni upuuzi. Naona chumba cha mtihani.

Jioni ile tulirudi Leeds ndani ya gari lile lile, lisilo na paa, mimi nimefungwa mkanda na shali ya marehemu mama yake shingoni. Karibu na nyumbani nilimwomba asimame kando. Nikamwambia kwamba ile barua nilikosea. Aliendelea kushika usukani akitazama mbele, kisha akauliza kama nahisi baridi. Nikasema ndiyo. Akawasha kipasha joto, ambacho hakifanyi kazi katika gari lisilo na paa, na sote tukajua hivyo.

Mwaka uliofuata alirudi Elvington. Alikuwa amebadilisha kioo cha mbele na kuziba nafasi chini ya pua. Usiku simu yangu ikalia ujumbe mmoja, namba tupu, bila salamu: 125.2. Nikamwuliza upepo ulikuwa unatoka wapi.